Stadi ya Manifodi Ikikatikia Ndani ya Hedi: Namna ya Kuitoa, na Namna ya Kurudisha Vikinga Joto

Unawasha gari alfajiri, injini inatoa mlio wa tik-tik-tik unaokwenda sambamba na mzunguko wake. Baada ya dakika chache, injini ikishapata moto, mlio unafifia au unakoma kabisa. Wengi huhukumu papo hapo kwamba ni tapeti, vile vyuma vinavyosukuma vali. Wanafungua kava, wanapima, wanarekebisha, na kesho yake mlio uko palepale. Kabla hujagusa kava, chukua tochi uangalie pale manifodi ya ekzosi (chuma chenye mirija inayokusanya moshi wa injini) inapokutana na silinda hedi (sehemu ya juu ya injini). Ukiona masizi yamejichora kama ulimi mweusi kutoka ukingoni mwa gasketi inayoziba kati yake na hedi, na jirani yake kuna tundu ambalo bolti yake haina kichwa, basi umeshapata jibu. Moshi unapenya hapo chuma kikiwa baridi. Kikipata moto kinatanuka na kuubana ule ufa.

Usizoee mlio huo. Ndani ya moshi wa injini mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo hupita kwenye matundu ya hewa ya gari hadi kwa abiria. Kisha kuna hasara ya injini yenyewe. Kati ya pigo moja la moshi na jingine, hewa ya nje huvutwa kuingia kwenye manifodi, sensa ya oksijeni inadhani mafuta ni machache, na kompyuta inaongeza mafuta yasiyohitajika. Gesi ya moto nayo inaendelea kuula uso wa hedi pale inapopenya. Ukichelewa sana, kazi ya stadi moja (bolti isiyo na kichwa, inayoingia hedi upande mmoja na kufungwa nati upande mwingine) inageuka kazi ya kupeleka hedi kuchongwa.

Kwa nini hukatika, na kwa nini za pembeni

Chukua manifodi ya chuma cha kusubu yenye urefu wa sentimita 45. Joto lake likipanda kwa nyuzi 600, urefu wake unaongezeka kwa takribani milimita 3. Hedi ya alumini iliyoishikilia inapozwa na maji, haifiki mbali zaidi ya nyuzi 100 hivi, na kwa urefu uleule haitanuki hata milimita 1. Kwa hiyo kila unapoendesha na kuzima, ncha za manifodi zinateleza juu ya hedi kwenda nje na kurudi, na stadi za pembeni zinapindwa kidogo kila mara. Ongeza kutu, ongeza miaka, siku moja inakatika bila mtu kuigusa.

Ndiyo maana matundu ya manifodi yanakuwa mapana kuliko stadi, hasa yale ya pembeni. Upana huo si uchakavu. Usiweke bolti nene ya kujaza tundu, utakuwa umeifunga manifodi isipumue, na itapasuka yenyewe.

Kuna sababu nyingine ambayo hupitwa sana: mpira au bano linaloshikilia bomba la ekzosi chini ya gari limekatika, na uzito wote wa bomba unaning'inia kwenye manifodi. Liangalie hilo kabla ya kazi yoyote. Ukibadilisha stadi ukaacha bomba linaning'inia, utarudi kwenye kazi hii.

Kanuni ninayofuata

Nitaisema mapema kwa sababu kila hatua inayofuata inaitegemea. Anza na njia ambayo, ikishindwa, bado inakuachia njia nyingine. Kisiki cha stadi kilichobaki ndani ya hedi ni chuma laini cha kawaida, kinatobolewa. Hakijakushinda. Kazi hii huharibika pale mtu anapoharakisha akafanya jambo lisilorudi nyuma: tundu lililotoboka upande, au kifaa kigumu kilichovunjikia ndani ya kisiki.

Siku mbili kabla

Kazi inaanza kabla hujashika spana. Injini ikiwa baridi, sugua kutu kwenye thredi (meno ya bolti) zinazoonekana kwa brashi ya waya, kisha nyunyiza mafuta ya kupenyeza kutu kwenye kila nati na kila bolti, zikiwemo zile ndogo za vikinga joto, yaani bati zinazofunika manifodi na bomba. Rudia asubuhi na jioni kwa siku mbili. Baadhi ya mafundi huchanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo hupenya vizuri, lakini asetoni inashika moto upesi mno. Usiinyunyize kwenye manifodi yenye moto, na usiichanganyie karibu na cheche.

Siku ya kazi, tenganisha betri. Vaa miwani ya kinga, na usiivue hata unapochungulia tu, kwa sababu magamba ya kutu huanguka machoni hasa unapokuwa umelala chini ya gari. Gari likinyanyuliwa, likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Kama gari ni la zamani sana, gasketi zake au vitambaa vya kuzuia joto vinaweza kuwa na asbesto. Vilowanishe kwa maji kwanza, usivisugue vikavu wala kuvipuliza kwa hewa.

Kuondoa vikinga joto

Bati hizi huja kwanza. Bolti zake nyingi ni M6, yaani za kipenyo cha milimita 6, nyembamba, na zimeoka kwa miaka, kwa hiyo baadhi zitakatika hata ufanye nini. Zisikutie hofu. Mara nyingi zimeingia kwenye manifodi yenyewe, ambayo inatoka, nawe utazitoboa baadaye juu ya meza ukiwa umesimama wima na mwanga wa kutosha. Kichwa kikishaviringana, kisage kwa gurinda ndogo, bati itoke. Kitu cha kulinda hapa ni lile tundu la bati: usilivute kwa nguvu likararuka, kwa kuwa bati hiyo utaihitaji.

Kufungua manifodi

Tumia soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili inashika nati kwenye ncha tu, na nati iliyoliwa na kutu itaviringana mara moja. Kama nati imepungua, jaribu soketi ndogo zaidi kwa saizi moja, uigongelee kwa nyundo hadi ishike.

Napenda injini iwe na uvuguvugu kwa hatua hii, joto ambalo mkono unalivumilia. Hedi ya alumini hutanuka zaidi ya stadi ya chuma, hivyo tundu linalegea kidogo. Anza pembeni kuelekea katikati. Gonga kichwa cha bolti mara tatu nne kwa nyundo, moja kwa moja, ili kutu ipasuke ndani ya thredi. Kisha kaza kidogo kabla ya kulegeza. Ndiyo, kaza, kama unene wa ukucha tu. Ikisogea, legeza robo mzunguko, rudisha, ongeza mafuta, legeza tena.

Hapa mkono ndio kipimo. Bolti inayokubali kutoka hupiga kelele, krii, kisha inasimama, kisha krii tena, na ugumu unabaki uleule au unapungua. Bolti inayotaka kukatika haipigi kelele. Inakuwa laini, inazunguka kama unakoroga uji mzito, na ukiachilia spana inarudi nyuma kidogo. Ukisikia ulaini huo, simama. Rudisha ulikotoka, weka mafuta, weka joto. Mtu anayeuchukulia ulaini huo kuwa dalili njema, akaendelea kuvuta, ndiye anayebaki na kichwa cha bolti ndani ya soketi.

Joto linafanya kazi kubwa kuliko nguvu. Kwa nati iliyo kwenye stadi, ichome nati yenyewe kwa tochi ya gesi hadi iwake wekundu hafifu, kisha ifungue ingali na moto. Kwa bolti iliyoingia hedi ya alumini, kuwa na kiasi: alumini ya hedi huyeyuka hata kabla ya nyuzi 660, na haibadiliki rangi kukuonya. Chuma kikiwa kimepata moto, gusisha mshumaa kwenye mzizi wa bolti. Nta inayeyuka, inanyonywa ndani ya thredi, na mara nyingi inafungua pale mafuta yaliposhindwa. Kabla ya moto wowote hakikisha hujapuliza kemikali ya kusafishia breki mahali hapo. Zile zenye klorini zikipata moto hutoa gesi ya sumu kali. Mipira, nyaya na mipira ya mafuta iliyo karibu ifunike kwa kitambaa kilicholowa, na kizima moto kiwe mkononi mwa mtu wa pili.

Kisiki kimebaki: kimejitokeza kiasi gani?

Kama kimejitokeza sentimita moja au zaidi, una bahati. Kibane kwa koleo la kujifunga, karibu kabisa na hedi, ukizungushe kwa kwenda na kurudi, si kuvuta upande mmoja. Kama thredi zake bado nzima, pachika nati mbili, zikaze zibanane, kisha fungua kwa kuzungusha ile ya ndani.

Kama kimejitokeza kidogo tu, kiko sawa na uso wa hedi, au kimezama milimita chache, njia ninayoiamini kuliko zote ni kuchomelea. Haiharibu kitu, na kila unapojaribu joto lenyewe linakilegeza kisiki. Chuma cha mashine ya waya (ile ya kuchomelea inayojilisha waya yenyewe) hakishikani na alumini, kwa hiyo hata katika hedi ya alumini waya utang'ang'ania kisiki peke yake, mradi uanze katikati yake.

1. Safisha uso wa kisiki hadi uone chuma kinachong'aa. Mafuta yote yafutwe, hasa yale uliyopulizia siku mbili.
2. Betri iwe imetenganishwa. Klipu ya ardhi ya mashine ifunge kwenye hedi, karibu na kazi, umeme usitafute njia kupitia beringi au kompyuta.
3. Kisiki kilichozama, kijaze kwanza kwa nukta za waya, moja juu ya nyingine, hadi kichomoze juu ya uso.
4. Weka washa bapa juu yake, ichomelee kupitia tundu lake. Juu ya washa weka nati kubwa kidogo kuliko stadi, jaza ndani yake, kisha zungusha ukingo.
5. Acha ipoe hadi uweze kuigusa. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, wakaivuta ikiwa nyekundu, na ikakatika. Kisiki kilitanuka kwa moto kikaisukuma kutu. Kikipoa kinasinyaa na kuachana nayo.
6. Tia mafuta au nta, kisha zungusha kwa kwenda na kurudi, polepole.

Ikikatika, safisha uchomelee tena. Mara tatu, mara tano, si ajabu, na kila mara kisiki kinapata moto mwingine na kinalegea zaidi. Hujafunga njia yoyote.

Kutoboa, kama hakuna namna nyingine

Kutoboa ni njia ya kwenda moja tu, ndiyo maana nimeiweka mwisho. Kosa lake si nguvu, ni upande. Kisiki ni kigumu kuliko alumini iliyo kando yake, na biti (ncha ya kutobolea) hupenda kukimbilia kwenye ulaini. Ikishaingia kwenye alumini, kila unachoongeza kinazidi kupotoka.

Kwa hiyo usitoboe kwa macho. Kisage uso wa kisiki kwa faili ndogo hadi uwe bapa, kwa sababu ukiwa na mwinuko biti itateleza. Tengeneza kiongozi: kipande cha bati nene chenye matundu yanayolingana na stadi mbili za jirani, kikazwe juu ya hedi, na juu ya kisiki kiwe na kibomba cha chuma kinachopitisha biti ya milimita 3 barabara. Manifodi yenyewe inaweza kutumika kama kiongozi ukipata kibomba kinachojaza tundu lake. Piga alama ya katikati kwa panchi, angalia kwa kioo, iangalie tena, ndipo utoboe: mwendo wa pole, shinikizo la kutosha, mafuta ya kukatia.

Ukiweza kupata biti za mkono wa kushoto, zitumie. Zinatoboa zikizunguka upande wa kufungua, na si mara moja tu kisiki kimenishika biti na kutoka chenyewe nikiwa bado kwenye milimita 4 au 5. Kisipotoka, ongeza ukubwa kidogo kidogo. Kwa stadi ya M8 yenye hatua ya 1.25 (umbali wa milimita kati ya jino moja la thredi na jingine), usivuke milimita 6.8. Hapo unabaki na ganda jembamba la thredi za zamani, unaloweza kulikunja kuelekea ndani kwa tindo ndogo na kulivuta kwa koleo. Kina cha tundu nacho kipime kwenye stadi nzima ya jirani na uweke alama ya utepe kwenye biti. Katika injini nyingine, nyuma ya tundu ni njia ya maji.

Sasa kuhusu kile kifaa cha kuchomoa kisiki, chenye thredi za kinyume, unachokigongelea ndani ya tundu dogo na kuzungusha. Niliwahi kukivunjia ndani ya tundu la mwisho kabisa, lile lililo ukutani mwa injini. Kisiki kilikuwa M8, nilikuwa nimekitoboa vizuri, katikati kabisa, na jioni ilikuwa inaingia. Nilivuta kidogo zaidi, nikasikia tak. Kifaa hicho ni chuma kilichofanywa kigumu mno kiwandani, biti ya kawaida haikichubui hata kidogo. Saa moja kabla nilikuwa na njia tatu mbele yangu, na baada ya ile tak ikabaki moja: kuvua hedi nzima na kuipeleka kwa mwenye mashine ya kutoboa kwa cheche za umeme. Fikiria tu: kama bolti yenye unene wote wa milimita 8 imekatika kwa kung'ang'ania, kifaa cha milimita 4 kilichoingia ndani yake kitaweza vipi? Kifaa hicho kinafaa kwa bolti iliyokatika kwa kugongwa, ambayo thredi zake ni huru. Kwa stadi iliyogandwa na kutu na moto, kiache sandukuni.

Tundu likishakuwa wazi

Pitisha tepu (kifaa chenye meno kinachozungushwa ndani ya tundu) ya kusafishia thredi, si ile ya kukata thredi mpya, kwani ya kukata hupunguza nyama ya alumini bure. Puliza hewa, miwani ikiwa usoni. Stadi mpya iingie kwa vidole hadi mwisho wake. Kama inayumba au thredi zimeondoka, tia kipachiko cha thredi: tundu linapanuliwa, linakatwa thredi kubwa zaidi, na ndani yake inaingia koili au bushi ya chuma yenye thredi za saizi ya awali. Ukifanya vizuri, hapo panakuwa imara kuliko palivyotoka kiwandani.

Weka rula iliyonyooka juu ya uso wa manifodi, jaribu kupitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake katika kila pengo. Kitabu cha injini yako kina kikomo. Manifodi iliyopinda ikirudishwa na kukazwa kwa nguvu itakata stadi mpya kama ilivyokata za zamani, hivyo ipelekwe ikachongwe. Itazame pia kama ina nyufa, hasa pale mirija inapokutana.

Badilisha stadi zote, si moja. Zilizobaki zimepita moto uleule kwa miaka ileile. Chukua za daraja lililopangwa kwa ekzosi. Bolti ya kawaida iliyofanywa ngumu sana hupoteza ugumu wake kwenye joto hilo, na ya chuma kisichoshika kutu cha kawaida hutanuka zaidi na thredi zake hupenda kung'atana. Gasketi iwe mpya, kavu, bila silikoni, kwani silikoni itaungua. Kama tundu linafika kwenye njia ya maji, thredi za upande wa hedi zipakwe gundi maalumu ya kuziba inayotajwa na kitabu. Upande wa nati, paka grisi ya nikeli au ya shaba kidogo mno, ukijua kwamba grisi hupunguza msuguano: toku (nguvu ya kukazia) ileile kwenye thredi iliyopakwa inavuta stadi zaidi. Kitabu kikisema kavu, acha kavu.

Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu mbili au tatu, kwa spana ya toku, inayopima nguvu hiyo kwa Nm. Kwa nati za M8 namba mara nyingi huangukia kati ya Nm 20 na 30, lakini fuata ya injini yako. Mpangilio huu wa kuanzia katikati ndio unaoiruhusu manifodi kulala bapa na kusukuma utanukaji wake kuelekea ncha.

Kurudisha vikinga joto

Hapa ndipo naona gari nyingi zinaharibiwa na watu wazuri. Bati ilikuwa inapiga kelele, bolti zimekatika, fundi anaitupa pembeni na kelele inaisha kweli. Lakini ile bati ilikuwa imesimama kati ya chuma kinachoweza kuwaka wekundu na waya za sensa, mpira wa mafuta, mpira wa breki, buti ya ekseli (mpira unaofunika kiungo chake). Miezi kadhaa baadaye waya inakakamaa, inapasuka, taa ya injini inawaka na hakuna anayekumbuka bati. Zile za chini, zinazozunguka kataliti (kifaa cha kusafisha moshi), zinalinda pia sakafu ya gari, na gari likiegeshwa juu ya nyasi kavu, zinazuia moto.

Tundu lililoliwa na kutu hadi kichwa cha bolti kinapita, liwekee washa pana juu na chini, uibane bati katikati. Bati iliyozunguka bomba na kupoteza bano lake, ifunge kwa klampu mbili ndefu za chuma kisichoshika kutu, zile za skurubu zinazofunga mipira ya maji, ukiziunganisha zipate urefu. Imepasuka? Toboa tundu dogo mwishoni mwa ufa usiendelee, kisha funika kwa kiraka cha bati kwa riveti za chuma. Za alumini ziache, maana karibu na manifodi hulainika muda mrefu kabla ya kuyeyuka. Zile bolti za M6 zilizokatikia kwenye manifodi, zitoboe kabla hujairudisha kwenye gari.

Acha nafasi ya hewa. Kikinga joto hufanya kazi kwa lile pengo lililo kati yake na chuma cha moto, kwa hiyo ukikikaza hadi kiguse manifodi kinakuwa bati la moto tu, na kitaanza kulia tena. Mkanda wa nyuzi wa kuzungushia manifodi nao si mbadala. Unazuia joto kutoka, unashika unyevu, na chuma cha kusubu chini yake huweza kupasuka.

Kuwasha

Gari liwe mahali wazi. Moshi kidogo utatoka, mafuta na grisi vinaungua, utaisha baada ya muda mfupi. Njia nzuri ya kupima ni kabla hata ya kuwasha: elekeza mashine ya kupulizia hewa kwenye ncha ya bomba la nyuma, nyunyiza maji ya sabuni kando ya gasketi, utafute mapovu. Baada ya safari kadhaa, injini ikiwa imepoa usiku kucha, pitia bolti za vikinga joto kwa spana ya mkono, na nati za manifodi tu kama kitabu kinaruhusu kukaza tena. Kisha funga redio, fungua boneti, mtu mwingine awashe, nawe usikilize ile dakika ya kwanza.